Lori Jipya, Tairi Siyo Zake

Msimu wa kahawa ukikaribia, habari za malori hutawala vijiweni Iyula. Kata hii ya wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, inaishi kwa kahawa, mahindi na maharage, na vyote hivyo lazima vibebwe: kutoka shambani hadi chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), kutoka ghalani hadi Mlowo au Vwawa, na kwa mwenye mtaji mkubwa zaidi, hadi Tunduma mpakani. Mtu akivuna vizuri misimu miwili mitatu mfululizo, au benki ikimkubalia mkopo, wazo la kwanza ni gari la mizigo. Wengi huanza na la mtumba. Wachache hujikaza wakanunua jipya, ziro kilomita, na hao ndio hujiona wameshayakimbia matatizo ya fundi na spea.

Kumbe lori jipya nalo lina yake. Mojawapo halizungumzwi sana mpaka limkute mtu: gari linafika likiwa limefungwa tairi ambazo siyo zilizoandikwa kwenye profoma. Injini ni ileile, rangi ni ileile, bodi imesimama vizuri, ila chini kuna kitu kingine.

Tairi lisilo lake halipigi kelele. Injini ikigoma kila mtu anasikia, breki zikikataa dereva anajua mara moja. Tairi linazunguka tu, jeusi, linang'aa, kashata zake bado zina vile vinywele vya kiwandani. Mnunuzi aliyesafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Mbozi hadi Dar es Salaam, aliyelala gesti usiku kucha akiwaza namba za usajili na bima, hana hamu ya kuinama kusoma maandishi ya ubavuni. Anataka funguo.

Na maandishi hayo ndiyo yenye habari yote. Tuchukue lori la ekseli tatu, lenye tairi mbili mbele na nane nyuma, ambalo profoma yake inasema 315/80R22.5. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kama asilimia ya huo upana. R ni alama kwamba nyuzi za ndani zimelazwa kukatiza tairi kutoka ukingo hadi ukingo. Hizi ndizo madereva wengi huziita tairi za waya. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Pembeni yake kuna kundi jingine dogo la namba, mara nyingi 156/150 likifuatwa na herufi, na hapo wengi hawafiki. Hizo ni namba za uzito. 156 maana yake tairi likifungwa peke yake linabeba kilo 4,000. 150 maana yake likifungwa pacha, kila moja linabeba kilo 3,350. Herufi ni mwendo: K ni kilomita 110 kwa saa, L ni 120, M ni 130.

Sasa gari lije na 295/80R22.5 zenye namba 152/148. Kwa macho ni ndugu. Rimu ni inchi zilezile 22.5, na mtu asiye na mazoea hawezi kuona tofauti akiwa amesimama hatua tatu. Lakini 152 ni kilo 3,550 na 148 ni kilo 3,150. Piga hesabu ya nyuma: tairi nane mara 3,150 ni kilo 25,200. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu tani 18 kwa ekseli mbili pacha zenye tairi nne kila moja. Kwa hiyo nyuma hakuna neno, na muuzaji akisema hivyo anasema kweli. Njoo mbele. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8. Tairi mbili za 156 zinabeba kilo 8,000 barabara. Tairi mbili za 152 zinabeba kilo 7,100. Hapo zimepungua kilo 900, tena kwenye ekseli ambayo ikipasuka tairi dereva hana la kushika.

Hiyo ndiyo hesabu ya kwenda nayo kwa muuzaji. Anayekwenda na maneno ya "tairi zenyewe naziona ndogo ndogo" atarudishwa kwa maneno. Anayekwenda na kilo 900 lazima ajibiwe.

Kuna na hasara za pembeni. Tairi la 315/80 lina kipenyo cha milimita kama 1,076. La 295/80 lina kama 1,044. Tofauti ni asilimia 3 hivi. Ikiwa spidomita ilipangwa kwa tairi kubwa, itasoma juu kidogo kuliko mwendo halisi, na odomita itakuwa inazidisha kilomita. Si janga, ila ratiba ya sevisi na kikomo cha dhamana ya kiwanda vyote hufuata kilomita hizo. Janga lipo pale tairi za aina mbili zinapochanganywa kwenye pacha moja. Kubwa hubeba mzigo wa mwenzake, linapata moto, halafu siku moja kwenye mteremko wa Senjele, breki zikiwa zimeshapata moto nazo, linaachia.

Mizani ya Mpemba, karibu na Tunduma, haina huruma na aina ya tairi. Chini ya sheria ileile ya Jumuiya, ekseli moja yenye tairi nne inapimwa kwa kikomo cha tani 10, wakati ekseli yenye tairi pana mojamoja, zile za supa singo, ilipangiwa tani 8.5. Mwaka 2019 sheria ilipoanza kutumika wasafirishaji walilalamika sana kuhusu jambo hilo. Mtu aliyeagiza tela la tairi pacha akaletewa la supa singo anapoteza tani moja na nusu kwa ekseli moja katika kila safari, kwa muda wote atakaomiliki tela hilo. Muuzaji akimwambia kuwa supa singo ni za kisasa na zinapunguza mafuta, huenda ni kweli. Lakini si alichonunua.

Sheria inasemaje? Tanzania inayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyoandikwa enzi za Waingereza kwa kufuata sheria yao ya mwaka 1893. Ni sheria kongwe, ila kwa ugomvi wa namna hii ina makali bado. Inasema kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, basi ni sharti la mkataba kwamba bidhaa yenyewe ilingane na maelezo hayo, hata kama hakuna mtu aliyeandika sharti hilo. Inasema pia kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa iwe inafaa kwa kazi hiyo. Mkulima aliyemwambia muuzaji kuwa lori litabeba kahawa kwenye udongo mwekundu wa Mbozi, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, ameshatamka kazi. Akipewa tairi za lami tupu zenye kashata nyembamba, ana la kusema.

Kwa kuwa sheria ina asili ya Uingereza, kesi za huko bado zinasomwa na mawakili wetu, na nyingine zinafurahisha. Mwaka 1933 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya mbao za kutengenezea mapipa ya saruji. Mkataba ulisema unene wa nusu inchi. Nyingi zilizidi kidogo, kwa vipimo ambavyo seremala asingevijali. Mapipa yangetengenezeka bila shida. Tena ilijulikana kwamba mnunuzi alikuwa anatafuta upenyo kwa sababu bei ya mbao sokoni ilikuwa imeshuka. Bado alishinda. Nusu inchi ni nusu inchi. Mwaka 1967 mtu mwingine alinunua gari dogo aina ya Triumph Herald lililotangazwa kuwa la mwaka 1961. Alikwenda kuliona kwa macho yake, akaridhika, akalilipia. Baadaye ikagundulika kwamba ni nusu mbili za magari mawili tofauti zilizochomelewa pamoja, na ile ya mbele haikuwa ya 1961. Muuzaji alijitetea kwamba mteja aliliona kabla ya kulipa. Mahakama haikumkubalia: alinunua kwa kufuata maelezo ya tangazo, na maelezo hayakuwa kweli.

Kwa hiyo muuzaji anayesema "lakini mzee wangu, gari si uliliona mwenyewe?" hajamaliza ubishi. Kuliona lori hakufuti kilichoandikwa kwenye profoma.

Kinachoweza kufuta ni muda na kukaa kimya, na hapa ndipo watu wanapoumia. Sheria inampa mnunuzi haki ya kuikagua bidhaa na kuikataa. Lakini inamhesabu kuwa ameikubali ikiwa atasema ameikubali, au ataitumia kwa namna isiyopatana na kuikataa, au atakaa nayo muda unaofaa bila kusema neno. Muda unaofaa ni siku ngapi? Sheria haisemi. Uingereza, mwaka 1987, mtu alinunua gari jipya la Nissan, injini ikakwama baada ya wiki tatu na maili 140 tu. Jaji alisema muda wa kulirudisha ulikuwa umeshapita. Alichobaki nacho ni fidia. Uamuzi huo ulilalamikiwa sana, na kwa sheria yao ya mwaka 2015 Waingereza waliweka siku 30 bayana kwa mlaji wa kawaida. Kwetu siku hizo hazijaandikwa, kwa hiyo mwenye lori asijidanganye kwamba atapeleka mizigo miwili Tunduma kwanza, apate hela ya rejesho la benki, halafu ndipo aandike malalamiko.

Hata akichelewa, hajapoteza kila kitu. Haki ya kulikataa lori zima inaweza kufa, ile ya kudai fidia ikabaki: yaani tofauti ya thamani, au gharama ya kununua tairi zilizotakiwa. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Na kwa kweli, watu wengi wenye ugomvi wa tairi hawataki kurudisha lori. Wanataka tairi zao.

Ukishaanza kudai, utakutana na majibu ambayo yanafanana kila yadi. La kwanza: "Hizi hizi ndizo zilizotoka kiwandani." Huenda ni kweli, lakini mnunuzi hakuingia mkataba na kiwanda. Aliingia mkataba na aliyempa risiti ya EFD. La pili: "Tairi na betri havimo kwenye dhamana yetu, nenda kwa mwenye tairi." Hili nalo lina nusu ya ukweli, kwa sababu vitabu vingi vya dhamana ya magari huliacha suala la tairi kwa aliyezitengeneza. Lakini dhamana ya kiwanda inahusu tairi likiharibika. Kuletewa tairi ambalo hukuagiza ni jambo jingine kabisa, na hilo ni la muuzaji.

Mchezo wa kurushiana mpira kati ya mwenye gari na mwenye tairi umeshachezwa kwenye uwanja mkubwa kuliko wowote. Mwishoni mwa miaka ya 1990, magari ya Ford Explorer yaliyotoka kiwandani na tairi za Firestone yalianza kupinduka baada ya tairi kubanduka kashata zikiwa kwenye mwendo na joto kali. Wateja wa Ghuba walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kulalamika, na mwaka 1999 Ford ilianza kubadilisha tairi Saudi Arabia, wakati Wamarekani bado wanaendeshea zilezile. Agosti 2000 Firestone ilitangaza kuzirudisha tairi takriban milioni 6.5. Wakala wa usalama barabarani wa Marekani ulihusisha tatizo hilo na vifo 271 nchini humo. Ford ilisema kosa ni la tairi. Firestone ikasema gari lenyewe linapinduka kirahisi na kwamba Ford ilipendekeza upepo mdogo mno, psi 26 badala ya 30. Uhusiano wa kibiashara wa karibu miaka 100 ukavunjika mwaka 2001. Ikiwa makampuni ya ukubwa huo yalishindwa kukubaliana nani mwenye kosa, mkulima wa Mbozi akiambiwa aende kwa mwenye tairi ajue anasukumwa kwenye njia isiyo na mwisho.

Jibu la tatu ndilo gumu: "Umesaini." Siku ya kukabidhiwa gari kuna karatasi, mara nyingi ya Kiingereza, inayosema mteja amelipokea likiwa katika hali nzuri na kwa mujibu wa makubaliano. Husainiwa juu ya boneti, kalamu ya kuazima, mlinzi ameshafungua geti. Karatasi hiyo ina uzito, ila haifuti kila haki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa na inaweka masharti ya kumlinda mlaji ambayo muuzaji hawezi kuyafuta kwa maandishi madogo ya chini. Bado, ni rahisi mara mia kuandika mstari mmoja kwa mkono juu ya sahihi, "tairi ni 295/80R22.5, siyo 315/80R22.5 kama ilivyokubaliwa", kuliko kubishana miezi sita juu ya maana ya sahihi hiyo.

Picha nazo ni mali. Simu ya kawaida inatosha: ubavu wa kila tairi, namba za saizi na za uzito zikisomeka, kisha gari zima na namba ya chasisi, kisha odomita. Kwenye ubavu huohuo kuna maandishi yanayoanza na DOT; tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ikiandikwa 2319, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019, na lori "jipya" lenye tairi za namna hiyo linastahili maswali zaidi ya saizi. Ujumbe wa WhatsApp ambao muuzaji alikutajia aina ya tairi usiufute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki zipokewe kama ushahidi.

Baada ya hapo ni barua. Fupi: tarehe ya mauzo, namba ya profoma, kilichokubaliwa, kilicholetwa, unachotaka, na siku ngapi unampa. Nakala iende benki ikiwa lori ni la mkopo, kwa sababu kadi ya gari inayo jina lao na wao pia hawapendi dhamana iliyopungukiwa kilo 900. Meneja wa tawi akimpigia muuzaji simu, mambo huwa na kasi ambayo mteja peke yake haipati. Muuzaji akikaa kimya, malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo inayo ofisi ya kanda Mbeya, mwendo mfupi tu kutoka Mbozi. Mahakamani, deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Tatizo ni mahali pa kufungulia. Ikiwa muuzaji yuko Dar es Salaam na mauzo yalifanyika huko, nauli na siku za kuahirishwa zitakula sehemu ya fidia, na wauzaji wengine wanaujua umbali huo kuliko wanavyoijua sheria.

Si kila anayelalamika ana haki, na hili lisemwe. Zamani Mtanzania aliyetaka tairi alikuwa na jina moja kichwani, General Tyre ya Arusha, kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 1971 na kikasimama kabla ya muongo wa 2000 kwisha. Sasa soko limejaa majina ambayo hata muuzaji hayatamki vizuri, mengi ya China, na wanunuzi hugomba wakiona jina wasilolijua. Jina peke yake siyo kosa. Profoma ikitaja saizi na namba za uzito bila kutaja kampuni, na tairi zilizoletwa zinalingana, hakuna mkataba uliovunjwa. Vilevile profoma ikiandika tu "tairi 10 na spea", kama nyingi zinavyoandika, mnunuzi amejifungia mlango mwenyewe. Atabaki kutegemea hoja ya kufaa kwa kazi, ambayo inahitaji shahidi, fundi na uvumilivu. Mstari wa saizi, uzito na mwendo hauongezi hata shilingi kwenye bei ukiombwa kabla ya malipo.

Muuzaji akikubali kubadilisha, kazi ni ya siku moja, na inafaa ifanyike mbele ya mwenye gari. Zote kumi zibadilishwe, siyo mbili za mbele tu, maana kubaki na vipenyo viwili kwenye lori moja kunamaanisha spea haiwezi kufaa pande zote. Ikiwa tairi za kwanza zilishatembea, muuzaji anaweza kudai thamani ya kuchakaa. Hilo ni la kujadiliana, na odomita iliyopigwa picha siku ya kwanza ndiyo itakayoamua. Upepo upimwe upya kwa kipimo cha tairi mpya, karatasi mpya ya makabidhiano iandikwe na namba za DOT za tairi zilizofungwa. Kisha mtu ainame chini ya chasisi aitazame spea, ambayo mara nyingi husahaulika pale ilipofungwa na mnyororo, ikiwa bado ni ile ya 295/80, na ambayo ndiyo itakayopelekwa mbele siku ya pancha ya kwanza.